Pamba Kwenye Mkono wa Kushoto

Sijawahi kupanda meli. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma kurasa hizi akingojea mawimbi. Anayetaka bahari aitafute kwingine. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kilungu, nina miparachichi na ng'ombe mmoja mkaidi, na nilipofika karibu zaidi na meli ni kwenye simu ya binti yangu, anayetandika vitanda ndani ya meli ya watalii ambayo, kwa maelezo yake, ni kubwa kuliko soko lote la Nunguni.

Lakini kwa ajili ya meli hiyo nilidanganya kanisa zima, na kwa ajili ya uongo huo dada yangu hawezi tena kupanda kilima cha kwao bila kuketi njiani. Hakuna aliyeniuliza. Naandika kwa sababu nimechoka kulijua jambo hili peke yangu.

Nilifundisha sayansi darasa la sita kwa miaka mingi. Nilichora mkono na sindano ubaoni, nikawaeleza watoto surua, pepopunda na polio, na walioshindwa kukumbuka nikawafokea mpaka wakakumbuka. Kwa hiyo msiniambie sikujua. Nilijua. Ila nilipostaafu nilifanywa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hupewa kipaza sauti, na mimi ukinipa kipaza sauti sina breki. Ugonjwa ule ulipokuja na chanjo yake ikafuata, watu wetu waliiogopa chanjo kuliko ugonjwa. Wengine walisema ni alama ya mnyama, wengine wakasema vijana hawatazaa. Mchungaji wetu alikwepa kwepa asikosane na mtu. Mimi sikukwepa. Jumapili moja nilisimama nikasema sisi tulishachanjwa kwa damu ya Mwanakondoo, tena hiyo haihitaji kuongezwa baada ya miezi sita. Kanisa lililipuka kwa vigelegele, na mpiga kinanda akaniunga mkono kwa vyombo. Nilirudi kitini nimevimba kichwa. Wala sikuwa naamini nilichosema. Niliamini makofi.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa bado wa kubebwa, na dada, mkubwa wangu kwa miaka tisa, ndiye aliyenibeba mgongoni. Baadaye alisuka vyondo vilivyonisomesha hadi chuo cha ualimu. Aliolewa Mbooni, akabaki mjane huko huko. Kifua chake hakikuwa kizuri hata wakati huo, kwa moshi wa kuni wa miaka yote hiyo. Habari za mahubiri yangu zilipomfikia alinipigia simu. Sisi huzungumza Kikamba. Hapa ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili.

“Mwana wa mwaitu,” alisema, yaani mtoto wa mama yangu, maana hajawahi kuniita mwalimu hata siku moja, “wewe hubiri yako. Mimi na akina mama wa kikundi cha kusuka tumepanga kwenda kuchanjwa zahanati, Jumatano ya mwisho wa mwezi, sote pamoja. Kifua changu nakijua mwenyewe.”

“Kila mtu na imani yake,” nilimjibu, kwa sauti ile ya mtu aliyekosewa.

“Ndiyo hiyo,” akasema, akakata simu.

Wiki hiyo hiyo binti yangu alipiga kutoka huko baharini. Sikuwa nimemwona tangu tulipomzika mama yake. Alirudi kazini siku chache baada ya mazishi, na tangu hapo nilikuwa na sauti yake tu, ikikatika katika.

“Dad, kuna form nzuri. Kampuni imeturuhusu kuleta wazazi. Meli itapita Mombasa, unapanda hapo, tunaenda mpaka Zanzibar na Shelisheli, unarudi. Wiki nzima tuko pamoja. Lakini lazima uwe umechanjwa.”

“Lazima?”

“Lazima kabisa, passengers wote. Na ikae siku kumi na nne kabla hujapanda. Halafu upimwe siku tatu kabla, uje na karatasi. Na Dad, usiniletee story za kanisa, sawa? Hapa mlangoni hawajui pastor wako.”

Mtu mwenye akili timamu angesimama Jumapili akasema: ndugu zangu, nilikosea, nitachanjwa, nanyi mchanjwe. Mimi nilienda Kitui.

Nilienda Kitui kwa sababu muuguzi wa zahanati yetu huimba sauti ya pili kwenye kwaya. Niliaga kwamba naenda kumtazama rafiki tuliyesoma naye chuo, anayesumbuliwa na mguu. Nikapitia Machakos, nikavuka mto Athi, na kila uso niliokutana nao niliuchunguza kama ni wa Kilungu. Nilivaa barakoa mbili na kofia iliyofika kwenye nyusi. Hakuna aliyenishangaa, kwani siku hizo kila mtu alikuwa amejifunika kama mwizi.

Aliyenichanja alikuwa mama wa makamo mwenye hijabu nyeupe. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimenyooka, nami nikajikuta nachagua maneno kama mwanafunzi.

“Karibu, mzee wangu. Kunja shati, mkono wa kushoto. Wafanya kazi gani?”

“Mkulima.”

“Una maradhi yoyote ya siku nyingi?”

“Sina.”

“Na nyumbani, wamekwisha kuchanja?”

“Bado bado.”

Nilichagua ile ya sindano moja, nisilazimike kurudi. Iliuma kama siafu, ikaisha. Akanibandika pamba na kipande cha plasta, akanieleza kwamba homa ya siku moja au mbili ni kawaida nisiogope, akanipa kadi.

“Uwaambie na wenzako waje,” alisema. “Dawa tunayo, watu ndio wanaotukimbia.”

“Nitawaambia,” nilisema, nikiwa nimeinama naisukuma kadi ndani ya soksi.

Homa ilikuja kama alivyosema. Kufika asubuhi nilikuwa natetemeka mpaka kitanda kinalia. Jirani anayenisaidia kukamua alinikuta hivyo, na kabla ya saa nne Kilungu nzima ilijua kwamba mzee wa kanisa ameshikwa na ugonjwa wenyewe. Kwetu mtu akiugua haachwi alale. Kanisa huja. Walikuja na unga, sukari na mayai, wakasimama kwanza nje ya mlango kwa sababu ya hofu, kisha imani ikawashinda wakaingia. Waliimba. Walinizunguka kitanda wakaukemea ugonjwa huo utoke kwa jina la Yesu. Mama mmoja alilia machozi ya kweli. Mimi nilikuwa nimelala pale, akili yangu timamu kabisa, nikijua kinachonitetemesha ni nini na kwamba kesho kutwa kitakuwa kimeondoka chenyewe. Mdomo nilikuwa nao. Nikasema Amina.

Dada yangu alifika mchana wa siku hiyo kutoka Mbooni, pikipiki juu ya pikipiki, na ndizi kwenye kiondo chake. Aliwatoa watu wote nje kwa maneno matatu. Akanikanda kwa kitambaa cha maji, akaninywesha uji, na nikapotelea usingizini. Nakumbuka kuamka nikiwa nimevaa shati jingine, safi, naye ameketi karibu na dirisha akisuka. Nilipapasa mkono wangu wa kushoto chini ya blanketi. Pamba haikuwepo. Nikafikiri imebanduka kwa jasho ikapotea kwenye matandiko, na nikashukuru.

Siku ya pili jioni nilikuwa nimeshaanza kuulizia chai. Jumapili ilipofika mchungaji akaniita mbele nitoe ushuhuda. Ningeweza kusema nashukuru kwa maombi yenu, nikaketi. Lakini kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi.

“Bwana asifiwe!”

“Amina!”

“Nilikuwa nimeshikwa, ndugu zangu. Ni ile ile mnayoisikia. Nilikuwa nimeuona mlango wa kaburi. Na mimi mnanijua, sikugusa sindano, sikugusa tembe. Mliomba, na siku ya tatu nikasimama!”

Hiyo siku ya tatu niliitia chumvi makusudi, nikijua masikio ya watu wa kanisa yatasikia nini ndani yake. Walirukaruka. Watu ambao walikuwa wakifikiria kwenda zahanati niliwaona kwa macho yangu wakitikisa vichwa vyao na kuachana na mawazo hayo. Dada yangu alikuwa benchi la pili, kiondo mapajani. Hakupiga kigelegele. Alinitazama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa. Nilidhani anaomba.

Nilimsindikiza hadi njia panda apate usafiri wa kurudi kwake. Njia nzima hakusema kitu juu ya ushuhuda wangu. Aliniambia tu nisikae kwenye baridi, na nimtafute mtu wa kuniziba paa linalovuja jikoni.

Jumatano ya mwisho wa mwezi ilipita. Nilimpigia nikijifanya naulizia mvua.

“Mlienda zahanati?”

“Wenzangu walienda.”

“Na wewe?”

“Mimi sikwenda.”

“Mbona?”

“Si ulishasema kanisani,” akasema.

Nilielewa kwamba ameuamini ushuhuda wangu. Na hapa naomba nisikwepe: nilifurahi. Kwa dakika nzima nilikaa na simu mkononi nikiona raha kwamba dada yangu, ambaye tangu utotoni hajawahi kukubaliana nami juu ya jambo lolote, safari hii nimemshinda kwa hoja. Ndipo nikakumbuka kifua chake. Nikasema nitampigia nimwambie ukweli, yeye peke yake, ashike siri. Nikasema kesho. Kesho yake nilikuwa na mkutano wa wazee, na keshokutwa ng'ombe alivunja ua, na mtu anayetafuta sababu ya kunyamaza hazikosi.

Upande wa meli nako sheria zilikuwa hazitulii. Binti yangu alituma ujumbe wa sauti, nyuma yake kengele zinalia: “Dad, wamechange tena. Sasa kupimwa ni siku mbili kabla, si tatu. Na si ile ya haraka, wanataka ile inapelekwa lab. Na lab iwe kwa list yao.” Niliketi na kalamu nikapanga jinsi ya kutoka Kilungu hadi Nairobi, nikapimwe, ningoje jibu, nishuke Mombasa, yote ndani ya siku mbili. Sijawahi kuandaa somo lolote kwa bidii namna ile. Kisha wafanyakazi kadhaa wa meli wakaugua, meli ikaipita Mombasa bila kutia nanga, na karatasi yangu ya mipango nikawashia moto wa chai.

Dada yangu aliugua msimu wa kuvuna maharagwe. Jirani yake ndiye aliyenipigia, kwamba hapumui vizuri na wamempeleka hospitali ya mji wa Wote. Nilipofika hawakuruhusu mtu kuingia. Nilimwona kupitia dirishani tu, amewekewa oksijeni, na vidole vyake, ambavyo sijawahi kuviona vimetulia, vimelala juu ya shuka havifanyi kitu. Nilishinda pale kila siku. Kanisa letu lilinituma nimpelekee salamu kwamba wanafunga na kuomba, na wengine wakanikumbusha kwa upendo jinsi mimi mwenyewe nilivyoinuka siku ya tatu.

Sisemi sindano ingemwondolea yote. Mimi si daktari. Lakini wenzake wa kikundi, wale waliokwenda zahanati Jumatano ile, wengine wao waliupata ugonjwa huo huo msimu huo huo. Walikohoa nyumbani, wakanywa chai ya tangawizi, wakarudi kusuka. Yeye alitoka hospitalini na pumzi nusu, na ile nusu nyingine haijarudi mpaka leo.

Nilimpeleka nyumbani Mbooni nikakaa naye siku mbili. Nikiwa huko huko ujumbe ukaingia: ile ya sindano moja haitoshi tena, wanataka ya kuongeza nguvu, na meli inarudi Mombasa. Mtu atauliza kama nilikwenda. Nilikwenda. Nilitoka kando ya kitanda cha dada yangu, nikamwambia naenda kuangalia ng'ombe, nikaenda Kitui. Foleni haikuwepo siku hiyo. Yule mama wa hijabu nyeupe alinitambua, licha ya kofia.

“Aa, mkulima wangu. Uliwaambia?”

“Niliwaambia.”

“Wakaja?”

“Wengine walikuja,” nilisema, nikamtolea mkono nikitazama ukutani. Niliwawazia wale akina mama wa kikundi cha dada, nikajipa sifa ambayo ilikuwa yao.

Meli hiyo pia haikunichukua. Walibadilisha njia, wakabadilisha tarehe, wakaongeza karatasi moja, wakaitoa. Nilizoea. Halafu siku moja, nilipokuwa nimeacha hata kuuliza, binti yangu alipiga akiwa anacheka.

“Dad, wametoa zote! Hakuna kadi, hakuna test. Ni passport tu. Na nimeongea na boss, unaweza kuja na mtu mmoja. Kuja na aunty. Huyo ndiye amekulea, na mimi pia alinilea likizo zote.”

Nilikwenda Mbooni kumwambia mwenyewe. Nilimkuta chini, kwenye bomba la maji, ameketi juu ya jiwe karibu na mtungi wake uliojaa. Alikuwa akingoja pumzi zije kabla hajaanza kupanda. Nilimwambia juu ya meli, na kitanda cha kutandikiwa na mtoto wetu, na chakula cha kujichagulia. Alicheka mpaka akakohoa, nikasimama pale kama mjinga nikingoja kikohozi kiishe.

“Na hawaulizi kadi?”

“Hawaulizi tena.”

“Kwa hiyo hata mimi ningeingia.”

“Ungeingia.”

“Na yako utaipeleka wapi?”

“Kadi gani?” nilisema. Sijui uso mkavu namna ile niliutoa wapi, baada ya yote.

“Mwana wa mwaitu,” akasema taratibu, “ni mimi niliyekubadilisha shati. Pamba niliitoa mwenyewe, na plasta yake. Nikaitupa jikoni kabla watu wa kanisa hawajarudi kukuombea.”

Nilitafuta mahali pa kuketi, jiwe lilikuwa moja tu na alikuwa amelikalia.

“Ulijua? Siku ile nasimama mbele, ulikuwa unajua?”

“Nilijua.”

“Basi mbona hukwenda na wenzako?”

Alinitazama kama anayemweleza mtoto. “Ningekwendaje? Umesimama mbele ya watu wote umesema hukugusa sindano. Nusu ya kanisa lenu wameoa huku. Dada yako aliyekulea akionekana kwenye foleni kesho yake, watu wasemeje? Wangesema hata dada yake hamwamini. Wangeanza kuchimba. Nikasema ngoja nikae kwanza, wakisahau nitakwenda kimya kimya.” Akavuta pumzi. “Ugonjwa haukungoja.”

Nimewahi kufokewa na wakubwa wa elimu mbele ya wanafunzi wangu. Nimewahi kuanguka kwenye matope siku ya harusi yangu, na suti ya kuazima. Nilikuwa nikifikiri hiyo ndiyo aibu. Pale bombani nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alikuwa akikunja kitambaa chake cha kubebea mtungi, akikilainisha kingo.

“Jumapili nitasimama,” nilisema. “Nitawaambia kanisa yote, tangu Kitui.”

“Sasa?” akasema. Hakukuwa na hasira ndani yake, aliuliza tu kama anayeuliza kama nitakunywa chai. “Sasa ambapo hakuna tena anayeuliza?”

Nilirudi Kilungu. Nilimwambia binti yangu kwamba magoti yananisumbua na meli ingoje, ingawa magoti yangu hayana neno. Jumapili hiyo nilikaa benchi la nyuma. Waliponiita mbele nilisema sauti imekauka.

Lakini siku ile bombani kulikuwa bado na maji ya kupandisha. Niliuinua mtungi wake begani nikatangulia. Njia ya kwake ni nyembamba na imesimama wima, na zamani alikuwa akinipita hapo huku amebeba maji na kuni pamoja, akinicheka. Alipumzika mara tatu kabla hatujafika mlangoni. Kila mara nilisimama na mtungi begani nikisikiliza pumzi yake nyuma yangu, na nikamngoja bila kugeuka.